Kibarua Haugui

Jana mchana, baada ya kumeza dawa za mgongo na kulala kifudifudi mkekani, Stamili Shemhilu aliota ndoto. Hakuwa mtu wa kuota mchana. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye kiwanda cha kamba, mchana ulimkuta amesimama mbele ya mashine ya kusokota, mavumbi ya katani yamejaa puani, na kama aliota, aliota macho wazi kama wenzake.

Lakini tangu mvua za vuli zianze alikuwa nyumbani. Siku aliyoumia walikuwa wakinyanyua robota la katani, yeye na mwenzake Perpetua Mdoe, akasikia kitu kimekatika kiunoni kama uzi, akabaki ameinama vilevile. Perpetua ndiye aliyemfunga kanga kiunoni, akamkokota hadi hospitali, akakaa naye kwenye benchi mpaka daktari alipomwandikia ED, ruhusa ya kukaa nyumbani ajiuguze. Kisha Perpetua akarudi kiwandani, akaishika mashine ya Stamili pamoja na yake mwenyewe.

Kwa umri Perpetua alikuwa mkubwa. Kwa kazi alikuwa mdogo, maana Stamili alikuwa ameajiriwa, na Perpetua alikuwa kibarua wa kutwa, mwaka nenda mwaka rudi. Jumapili alikuja kumjulia hali. Alipofika mlangoni alisimama kwanza, mkono kwenye mwimo, akitafuta pumzi, na Stamili akaona miguu yake imevimba mpaka mikanda ya ndala imezama ndani ya nyama. Akamwuliza kama amekwenda hospitali.

Perpetua akacheka kidogo. "Kibarua haugui, mdogo wangu," akasema. "Akiugua si kibarua tena."

Wakageukia mengine, bei ya unga na mvua iliyobomoa choo cha jirani. Stamili hakulirudia lile swali. Aliyekuwa akimshikia kazi ni huyohuyo, na mtu aliyekubebea mzigo ni vigumu kumwambia autue.

Basi jana akaota.

Yuko dirishani kwa afisa utumishi, Bwana Kalokola. Dirisha ni lilelile la siku zote, ila limeshushwa hadi chini kama mlango wa banda la kuku, na inabidi apige magoti. Bwana Kalokola amevaa tai, na tai inakunywa chai kwenye kikombe chake bila yeye kuijali. Anakisoma cheti cha daktari upande wa mbele. Anakigeuza, anausoma upande wa nyuma ambao haukuandikwa kitu, na huko ndiko anakokaa zaidi.

"Hapa imeandikwa mgongo upumzike," anasema. "Sioni palipoandikwa Stamili apumzike."

Stamili anamweleza kwamba yeye na mgongo wake ni kitu kimoja, wamezaliwa siku moja. Bwana Kalokola anasikitika kwa dhati. Anasema hata yeye angependa iwe hivyo, lakini likizo ya ugonjwa haitolewi kwa kukisia. Aliyeugua ni nani? Ni mgongo. Basi mwenye likizo ni mgongo. Anagonga muhuri, na muhuri unasema "Haya" kwa sauti ya mtu aliyesema neno hilo tangu asubuhi.

Mgongo ukashuka. Haukuuma. Ulitoka kama gauni lililobana linavyovuliwa, ukasimama kando yake, mfupi kuliko alivyodhani, umevaa ile kanga yake ya kwendea harusini na kuning'iniza mkoba begani. Ukamwamkia Bwana Kalokola kwa adabu, ukatia sahihi palipooneshwa. Stamili hakuwahi kuuona mgongo wake uso kwa uso. Ulikuwa na uso wa mtu aliyebeba watoto, ndoo, kuni na marobota, na hata siku moja hakuulizwa kama amekula.

Akauuliza unakwenda wapi. Ukajibu kwamba unakwenda Lushoto, kwenye baridi, kuna godoro huko.

"Na mimi je?"

"Wewe hujaandikwa," ukasema mgongo, bila ubaya wowote.

Ukafungua mlango wa ofisi. Nje ya mlango, mahali penye korido, palikuwa na mashamba ya kabichi na ukungu. Mgongo ukaingia ukunguni ukitembea wima. Hilo ndilo lililomchoma Stamili. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho walitembea wima wakiwa pamoja.

Anarudi kazini bila mgongo. Kumbe inawezekana. Mtu asiye na mgongo hukunjika katikati kama shuka kwenye kamba ya kuanikia, kwa hiyo nyapara anamtundika kwenye ukingo wa mashine, kichwa na mikono upande huu, miguu upande ule, na mikono inaendelea kuunga nyuzi zinazokatika. Hakuna anayeshangaa. Stamili anageuza shingo na kuona safu nzima imetundikwa hivyohivyo, hadi mwisho wa ukumbi ambako mavumbi yanazuia macho.

"Pole," mashine inamwambia.

Anaishukuru. Mashine inamweleza kwamba inamwelewa sana, kwa kuwa nayo iliugua mwaka jana. Walileta fundi kutoka mjini na sanduku lake. Alipokuna kichwa wakaleta wa pili. Ikazimwa, ikafunguliwa, ikasafishwa ndani, ikatiwa grisi, ikafunikwa turubai jipya, na meneja mwenyewe alishuka kutoka ghorofani akaiwekea kiganja ubavuni na kukaa nayo kimya kwa muda.

Stamili anauliza ilikuwa na ugonjwa gani.

"Nilikohoa," inasema mashine.

Stamili akaunga uzi.

Halafu king'ora kinalia, ila kinalia nusu. Kinapanda, na pale ambapo kingeshuka pana kimya. Bwana Kalokola anapita akitangaza kwamba likizo ya Stamili imeingia kipindi cha nusu mshahara. Anaishia kiunoni, chini ya mkanda hakuna kitu, naye anaelea taratibu kati ya mashine kama mtu anayechunga asichafue suruali. Taa za dari zinawaka upande mmoja. Watu wanasalimiana "Shika," na kuitikiana "Mara." Bakuli la uji la Stamili limekatwa katikati kwa msumeno, na uji umesimama wima ukingoni, haumwagiki, kwa sababu umeagizwa usimwagike.

Stamili anauliza kwa nini kila kitu kiwe nusu, wakati kanuni imetaja mshahara wake peke yake. Bwana Kalokola anamwangalia. Anasema mshahara ukikatwa nusu, hakuna kitakachobaki kizima nyumbani kwa mtu, na kiwanda kimeona ni vyema azoee mapema.

Ndipo alipomwona Perpetua.

Perpetua amepasuliwa sawasawa, kuanzia utosini hadi chini. Upande wake wa kushoto umesimama kwenye mashine yake mwenyewe, upande wa kulia umesimama kwenye mashine ya Stamili. Kila upande una mkono wake na mguu wake uliovimba. Hakuna damu. Ila upande wa kushoto moyo unaonekana, umejitokeza katikati ya mbavu, na unapiga kwa kishindo kama mchi wa jirani anayetwanga huku amekasirika. Ni moyo mkubwa. Unashindwa kuenea mahali pake.

"Pole, da Pepe," Stamili anamwambia.

"Pole weka," unasema upande wa kushoto. "Niambie unarudi lini."

Anamjibu kwamba hajui, mgongo uko Lushoto na haujaandika. Nusu ya kichwa inatikisika kuonesha kuelewa. Perpetua hana kinyongo, na hilo linamwumiza Stamili kuliko kama angetukanwa. Anamwambia tu kwamba asichelewe sana, kwa sababu yule mwenzake wa kule, na hapo upande wa kushoto unanyoosha kidole kuelekea upande wa kulia, tangu juzi ameanza kusahau jina lake. Anamwita hasikii. Anaunga nyuzi tu.

Stamili anataka kushuka amshike mkono, na wakati anajivuta pale alipotundikwa, anaona kupitia dirishani mtu ameketi nje ya geti.

Anateleza chini. Bila mgongo mtu hutambaa. Sakafu ya ukumbi inakwisha chini ya viganja vyake na kuwa changarawe ya mbele ya kiwanda, jua ni la alasiri, na kibanda cha mlinzi hakina mtu. Mlinzi, Mzee Ngoda, ameacha kofia yake kitini ilinde. Kofia inamwuliza anakwenda wapi. Anasema getini. Kofia inasema sawa.

Nje ya vyuma vya geti, juu ya jiwe, ameketi mtu mpana, mpole, aliyevaa gunia la katani lililotobolewa shingo na mikono. Mapajani ana karatasi ya karanga za kukaanga, anakula mojamoja. Stamili anambishia hodi, ingawa yeye ndiye aliye ndani. Mtu yule anaitikia vizuri. Anauliza habari za mgongo. Anaonekana kuujua.

Stamili anamwuliza anamsubiri nani.

"Perpetua Mdoe," anasema. "Mimi ni ugonjwa wake."

Anaeleza bila haraka. Alifika wakati wa masika, akapiga hodi kama inavyotakiwa, akataja jina la mwenyewe. Mlinzi akaingia ndani kuuliza. Akarudi na jibu kwamba huyo ni kibarua, na kibarua haugui. Basi akakaa. Hakutaka kuvunja utaratibu wa watu. Jioni Perpetua akitoka humfuata nyuma kidogo mpaka kwake, lakini Perpetua akifika kwake anapika, anafua, anachota maji, hapati nafasi ya kumkaribisha. Asubuhi hurudi wote wawili hadi getini, na getini wanaachana.

"Ulipokuja ungemfanya nini?" anauliza Stamili.

"Nilipokuja nilikuwa mdogo," unasema ugonjwa. "Ningemlaza kidogo, akanywa dawa, akapumzika, nikaenda zangu. Lakini nimekaa sana hapa. Nikikaa ninakua."

Ukainua mikono kumwonesha jinsi ulivyojaa ndani ya gunia. Haukujisifu. Ulionekana kuona haya, kama mgeni aliyegundua kwamba amekula sehemu ya wenyeji. Kisha ukamkaribisha karanga. Stamili hakuwa na hamu, lakini chakula ulichonyooshewa hukikatai, hata awe nani aliyekinyoosha. Akapitisha mkono kati ya vyuma, akachukua. Wakala pamoja, yeye ndani, ugonjwa nje. Zilikuwa karanga nzuri, zimekaangwa kwa maji ya chumvi. Moyo wa Perpetua ulisikika kutoka ukumbini mpaka pale.

Alipomaliza kutafuna, ugonjwa ukamwambia kwamba kesho hautaweza tena kupita kwenye lile geti, umeshakuwa mpana mno. Kwa hiyo leo jioni utamsubiri Perpetua njiani, pale kwenye kalvati, anaposhuka kwenye baiskeli ili avuke.

Stamili anaijua ile kalvati. Upande mmoja mkonge, upande wa pili mkonge. Mtu akianguka pale, wa kwanza kumwona ni kunguru.

"Na ukiingia sasa?"

"Nikiingia sasa ataanguka mbele ya watu," unasema ugonjwa. "Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi, mwanangu."

Stamili akawa amepiga magoti penye geti, hana mgongo wa kumsimamisha, anawaza. Akifungua, amemwangusha Perpetua kwa mkono wake mwenyewe, na Perpetua akianguka kazi imekwisha, kwa kuwa kazi ya kibarua iko miguuni mwake. Asipofungua, hakuna atakayejua kwamba aliwahi kuwa pale. Atalala, atapona, atarudi na mgongo wake, ataikuta mashine yake imetunzwa. Alikaa na wazo hilo la pili muda mrefu kuliko alivyopenda.

Kisha akashika komeo.

Komeo likasema kwamba lenyewe hufunguliwa na waajiriwa tu.

"Mimi nimeajiriwa," akasema Stamili. Neno hilo alikuwa akilitamka kila mahali kwa fahari, benki, kwenye vikoba, kwa wakwe. Mara hii lilimtoka kama mtu anayekiri wizi.

Komeo likaachia.

Ugonjwa ukasimama, na uliposimama ulilipita geti kwa urefu. Ukainama, ukajikunyata, ukaingia kwa ubavu ukiomba radhi. Mlangoni mwa ukumbi ukafuta miguu. Ukamgeukia Stamili, ukamwambia utajitahidi kumlaza taratibu, ukaingia ndani ya mavumbi.

Mashine zinapunguza sauti moja baada ya nyingine. Nusu ya kushoto ya Perpetua inainua jicho na kuuona ugonjwa unakuja katikati ya safu, na haishtuki, inautazama kama unavyomtazama mtu uliyekuwa ukimsikia nyuma yako kila jioni. Inaiita nusu ya kulia. Mara hii nusu ya kulia inasikia. Inaacha uzi ukatike. Zinakutana katikati ya mashine mbili, zinashikana, zinafunga kuanzia utosini kushuka chini kama mtu anayefunga vifungo vya koti, mpaka Perpetua anakuwa mzima, mtu mmoja, mwanamke mnene mwenye kilemba cha kijani. Anaonekana amechoka sana.

"Afadhali," anasema.

Halafu akaanguka.

Stamili akazinduka. Alikuwa kifudifudi kama alivyolala, shavu limeshika alama za mkeka, mgongo uko mahali pake na unauma. Jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye mtungi. Simu ilikuwa inaita chini ya mto, na ilivyoonesha ilikuwa imeita sana.

Jina lililotokea ni la Perpetua, lakini sauti ilikuwa ya Mzee Ngoda, mlinzi. Hakuanza na salamu. Alisema Perpetua ameanguka kazini baada tu ya swala ya alasiri, kati ya zile mashine mbili, na kabla hajapoteza fahamu alikuwa amemtaja Stamili. Kwa bahati gari la kubebea marobota lilikuwa uani, wakamlaza juu ya katani wakakimbia naye. Daktari amesema moyo umetanuka. Amesema pia kwamba angepata lile shambulio akiwa njiani peke yake, wangekuwa wanazungumza mambo ya sanda. Sasa anapumua kwa mashine. Akitoka, asahau habari ya kusimama kutwa. Asahau habari ya kazi.

Stamili akauliza kiwanda kimesemaje.

Mzee Ngoda akasema kimesema pole. Alisema jina la Perpetua halimo kwenye karatasi za bima wala za likizo, wameangalia, kwa hiyo hospitali inataka ndugu. Na alisema, akishusha sauti kama mtu anayesimulia jambo la aibu la nyumbani kwake, kwamba gari halijatoka hata uani, nyapara alikuwa ameshaweka mwanamke mwingine kwenye mashine zote mbili.

Kisha akamwuliza jambo ambalo alisema halimhusu mgonjwa, ila linamsumbua. Aliporudi kutoka kuswali alilikuta geti wazi, na yeye ana hakika alilifunga kwa komeo. Je, Stamili, anayewajua watu wa pale, anadhani ni nani mwenye tabia hiyo?

Stamili akajibu kwamba hajui. Akasema anakuja hospitali, ndugu ni yeye. Mzee Ngoda akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ni mgonjwa, ana ED, akionekana anatembea mjini Bwana Kalokola anaweza kuikata. Stamili akasema aikate.

Alijiinua kwa kushika ukuta, hatua kwa hatua, meno yameumana kwa maumivu. Akajifunga kanga kiunoni kwa nguvu, jinsi Perpetua alivyomfunga siku ile, akatafuta ndala kwa vidole vya miguu kwa kuwa hakuweza kuinama. Alipofika mlangoni alisimama kwanza, mkono kwenye mwimo, akitafuta pumzi.

Hapo ndipo ulimi wake ulipogusa kitu kidogo kilichonasa nyuma ya jino. Akakitoa kwa ukucha, akakiweka kwenye ncha ya kidole, akakitazama kwenye mwanga wa jioni. Tangu asubuhi alikuwa amekunywa uji mtupu na dawa. Juu ya kidole palikuwa na kijiganda chekundu cha karanga, bado kina chumvi.